Mtu wa Kumi na Sita

Simulizi ya wikiendi

SEHEMU YA KWANZA

"Nani kati yenu amewahi kuganda?"

Hakuna aliyenyoosha mkono. Tulikuwa kumi na watano, mabaharia wa meli moja ya kubeba mabehewa, tumekaa kivulini mwa ghala pale Port Bell, na harufu ya kimea kutoka kiwanda cha bia cha Luzira imetuzunguka kama kawaida. Aliyeuliza ni mama mmoja mfupi, muuguzi mstaafu, aliyemalizia utumishi wake Butabika. Alikuja na boda boda, daftari kwapani, chupa ya chai mkononi. Tulimwita Sista kabla hajajitambulisha.

Kwa asiyeijua Kampala: Butabika ni hospitali ya taifa ya wagonjwa wa akili, na kutoka bandarini petu si mbali. Ukimwambia mtu "wewe wa Butabika", umemtukana tusi kamili lisilohitaji nyongeza. Kwa hiyo fikiria jinsi Chifu wa injini alivyoipokea habari kwamba muuguzi wa Butabika anakuja kutufundisha.

"Sisi si wagonjwa, Sista," alisema. "Nina miaka thelathini na miwili injini rumu. Nimeona maji, nimeona moto, nimeona pistoni ikipasuka kama nazi. Sijaganda."

"Kale, ssebo," Sista akajibu, akajimiminia chai. "Basi utanisaidia kufundisha."

Wenzangu wakaangua kicheko. Mimi nikainamisha kichwa. Mimi ni oila, kazi yangu ni mafuta na grisi chini ya Chifu huyo huyo, na oila anayemcheka Chifu wake husafisha ngama peke yake mwezi mzima.

Sista hakuwa na mapambo. "Mtu akishtuka, mwili unampokonya usukani," alisema. "Damu inakimbilia mapajani na mikononi. Macho yanabana, anaona kitu kimoja tu, kama anachungulia kwenye bomba. Masikio nayo yanaweza kufunga: king'ora kinalia juu ya kichwa chake na hakisikii. Saa inaharibika, dakika moja anaihisi robo saa. Msimwite mwoga. Mwili unafanya kazi uliyoumbiwa, ila umeifanyia mahali pabaya."

Akamtaja Mwingereza mmoja, John Leach, aliyechunguza watu wanavyokuwa ndani ya maafa. Kwa makadirio yake, kwenye kumi mmoja au wawili akili hubaki imesimama, mmoja au wawili huvuruga mambo, na kundi lote lililobaki huduwaa. Meli ya Estonia ilipozama Bahari ya Baltiki Septemba 1994 na kuua watu 852, walionusurika walisimulia jinsi walivyowapita wenzao wamekaa tu, wazima, hawajaumia, hawasogei.

Bosuni akakohoa. Huyu ni mtu wa Ukerewe, na Wakerewe hawahitaji Baltiki. "Sisi tunaijua ya Bukoba," alisema. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilipinduka ikiwa njiani kuingia Mwanza. Ikaelea tumbo juu. Waliokuwa ndani wakawa wanagonga bati. Wa nje wakatoboa ili wawatoe, hewa iliyokuwa inaishikilia meli ikatoka, ikazama mbele ya macho yao. Alivyosimulia, alikuwa anagonga goti lake kwa kifundo cha kidole bila kujijua.

Sista alimwacha amalize kugonga. "Waliotoboa walitaka kuokoa," alisema. "Ukisikia mtu anagonga, mikono haikubali kukaa bure. Ndiyo maana nawaambia: pumzi kwanza, mkono baadaye. Toa pumzi ndefu kuliko uliyoingiza. Halafu mkono."

Kisha akatufundisha lile lililotuchekesha zaidi. Ukimkuta mwenzako ameganda, usimkumbatie. Usimwambie pole. Usimwambie tulia, maana hakuna aliyewahi kutulia kwa kuambiwa tulia. Mwite jina, lile la nyumbani. Mwambie kwa maneno mafupi kilichotokea, kinachoendelea na kinachofuata. Muulize swali lenye hesabu. Mpe vitu viwili achague kimoja. Mtie kazi mkononi. Wanaofundisha hivi wapo Israeli, alisema, na mwalimu wao ni Moshe Farchi. Ukiamsha sehemu ya kichwa inayohesabu, ile inayoogopa inapisha.

"Na amri zenu," akaongeza, "zipigwe kwa Kiswahili."

Hapo hata Chifu alikubali. Mjini Kampala bado wapo wanaokiona Kiswahili ni lugha ya askari na wezi. Majini hatuna anasa hiyo. Sisi ni Waganda, Wasoga, Wajaluo, Wahaya na huyo Mkerewe mmoja, na moto hausubiri mkalimani. Kitabu cha dharura kiliandikwa Kiingereza, kizuri, kirefu, na kimefungiwa kabatini.

Siku nne baadaye tulikuwa tunarudi kutoka Mwanza. Tulikuwa na mabehewa kumi na tisa yaliyofungwa minyororo kwenye reli za sitaha, mengi ya ngano, na mawili ya nyuma, yale yaliyokaa juu ya injini, yalikuwa ya mbolea. Tulikuwa na kadeti mpya, binti wa Mwanza, msafi, mkimya, aliyesema "shikamoo" hata kwa winchi. Mpishi alikuwa amenuna kwa sababu mkate mzima ulikuwa umepotea jikoni, na macho yake yalikuwa kwangu.

Ziwa Victoria mchana ni bwana mpole. Usiku pepo za nchi kavu hutoka kila upande, zikakutana katikati ya maji na kupandisha mawingu, na wavuvi wa Ssese watakwambia radi ya ziwa ni ya kabla ya alfajiri. Saa tisa usiku, visiwa vya Kalangala vikiwa mahali fulani kushoto kwetu gizani, mvua ilikuwa inakuja kwa ubavu. Juu darajani Kapteni hakuwa ameondoa macho kwenye rada tangu saa sita. Hakuna nahodha wa ziwa hili asiyekumbuka tarehe 8 Mei 2005, Kabalega ilipogongana na Kaawa, meli dada, ikaenda chini.

Nilipanda jikoni kumchukulia Chifu chai. Hazikufika dakika nne. Nikiwa kwenye korido, king'ora kikalia.

Niliusukuma mlango wa injini rumu kwa bega. Moshi ulinipiga usoni. Na pale chini, kwenye kidato cha tatu cha ngazi, amekaa mtu ameshika spana mapajani, anautazama moto kama mtu anayetazama mpira kwenye televisheni ya kibandani.

Alikuwa Chifu.

SEHEMU YA PILI

Bomba lenyewe halikuwa nene kuliko kidole. Lilikuwa limepasuka mahali padogo kiasi kwamba usingepaona, ila dizeli ilikuwa inatoka kwa nguvu ya pampu, laini kama dawa ya mbu, ikitua juu ya bomba la moshi la injini ambalo saa hizo linaweza kukaanga yai. Mioto mingi ya injini rumu huanza hivyo. Chifu mwenyewe ndiye aliyenifundisha.

Kikombe cha chai kilikuwa bado mkononi mwangu. Hilo nalikumbuka kuliko moto. Nilikuwa nakishika kwa uangalifu kisimwagike.

Nikafanya makosa yote kwa mpigo mmoja. "Chifu! Pole mzee! Tulia, Chifu, tulia!" Nikamshika mabega. Hakugeuka. Shingo yake ilikuwa ngumu kama nguzo, na macho yake yalikuwa wazi kabisa, hayapepesi, moto mdogo wa manjano unacheza ndani ya kila moja. Nikamtingisha tena. Nikaona miguu yangu na mimi inaanza kuwa ya mtu mwingine, na kidato kile cha ngazi kikaanza kunipendeza. Nafasi ya wawili ilikuwepo.

Pumzi. Nikaitoa mpaka tumbo likashikana na mgongo. Ilinuka dizeli. Nikaweka kikombe chini, tena mahali pake, pembeni.

Kwenye meli hakuna anayemwita Chifu kwa jina. Lakini mkewe huuza mukene pale Luzira, na siku moja alipomletea funguo alizosahau nilimsikia akimwita kwa sauti ukutani mwa bandari. Wana watoto mapacha. Buganda ukizaa mapacha jina lako la zamani linapumzika.

"Ssalongo," nikasema.

Kope zikagonga. Mara moja.

"Ssalongo, ni mimi, Oila. Bomba la mafuta limepasuka. Moto uko kulia kwako. Tunatoka sasa, halafu tunafunga mafuta kutoka nje. Valvu za dharura ziko ngapi?"

Kimya. Rangi ya injini ilianza kuchubuka na kujikunja kama maganda ya matoke juani.

"Ziko ngapi, Ssalongo?"

Midomo ilisogea kabla ya sauti. "Nne."

"Unafunga wewe au nafunga mimi?"

Akageuka, akanitazama kama abiria aliyepitilizwa kituo na taksi. Akaangalia spana mapajani, akaniangalia tena, na nikaliona lile jicho ninalolijua, la dharau ya kila siku, likirudi mahali pake.

"Wewe utakosea," alisema. "Nafunga mimi."

Sijawahi kufurahia kudharauliwa kiasi kile.

Tulitoka tukiwa tumeinama, yeye mbele. Kisanduku chekundu cha valvu kiko nje ya mlango, na kimewekwa hapo kwa sababu waliounda meli walijua kwamba siku ya kuzihitaji hakuna atakayekuwa na hamu ya kuwa ndani. Alivuta mikono minne, mmoja baada ya mwingine, akiihesabu kwa Luganda: emu, bbiri, ssatu, nnya. Akazima feni. Injini ikakohoa kwa muda, ikamaliza mafuta yaliyobaki kooni, ikafa.

Kimya cha meli iliyokufa injini katikati ya ziwa si cha kuelezea. Taa za betri zikawaka, hafifu, rangi ya ndimu. Meli bila injini haina adabu mbele ya wimbi. Iligeuka taratibu mpaka ikayapa mawimbi ubavu, na mabehewa yakaanza kuguna kwenye minyororo yao, yote kumi na tisa, huku na huku, kama ng'ombe waliosikia chui.

Tulijikusanya sitaha ya nyuma, majaketi ya kuokolea maisha juu ya nguo za kulalia. Mpishi alikuwa amevaa lake ndani nje. Bosuni hakutuhesabu kwa kidole, maana gizani kidole humhesabu mtu mmoja mara mbili na kumruka mwingine. Kila mtu alipaza namba yake, kama tulivyofundishwa na Sista kivulini tukicheka. Moja! Mbili! Tatu! Sasa hakuna aliyecheka. Sauti nyingine zilikuwa nyembamba, lakini zilikuwepo. Ya Kadeti, kumi na nne, ilichelewa kidogo. Nikaitia kwenye ugeni wake nikaiacha. Kumi na tano, Kapteni mwenyewe.

"Wote," Bosuni akasema.

Kapteni alikuwa ameshatangaza dharura kwenye redio, chaneli 16, na ameshajibiwa kwamba tusubiri, neno ambalo moto haulijui. Chini ya miguu yetu chuma kilikuwa kinapata joto. Mpishi alimwaga ndoo ya maji chini ya behewa la kwanza la mbolea, na maji yakaondoka kwa mvuke. Hapo kila mtu akaelewa. Mbolea ile ikichemka inatoa moshi wa sumu, na ikichemka ikiwa imebanwa inaweza kufanya jambo kubwa zaidi ambalo hakuna aliyelitaja.

Dawa yake ni moja, imefungwa kwenye mitungi chumba cha pembeni: gesi ya kaboni dayoksaidi. Ukiifungulia inajaza injini rumu, inaunyima moto hewa, moto unakufa. Ila haijui moto ni nini na mtu ni nini. Atakayekuwa ndani ataanguka kabla hajaufikia mlango. Kwa hiyo kuna maswali mawili, na Kapteni aliyauliza kwa sauti, kwa utaratibu, kama yalivyo.

"Milango?"

"Imefungwa, Kapteni."

"Watu?"

"Kumi na tano, Kapteni."

Akafungua kisanduku. King'ora cha gesi kikaanza kulia, tofauti na kile cha kwanza, kirefu, cha juu. Akaweka mkono kwenye mpini.

Ngo. Ngo. Ngo.

Tuliangaliana. Tulikuwa kumi na watano, wote, juu ya sitaha, na mvua inatunyeshea.

Mlio ulitoka ndani.

SEHEMU YA TATU

Sote tulisikia isipokuwa mtu mmoja, na huyo ndiye aliyekuwa ameshika mpini.

Ngo, ngo, ngo. Bosuni aliruka kama aliyekanyaga kaa la moto. Alikuwa mweupe midomoni. Nilijua anasikia bati jingine, la mwaka mwingine, na nilijua mikono yake inataka nini: ilikuwa tayari kwenye komeo la mlango wa injini rumu. Angefungua, moto ungepata hewa yote iliyokuwa inausubiri.

"Bosuni! Pumzi!" Mpishi alimfokea, Mpishi yule yule wa jaketi la ndani nje. "Pumzi kwanza!" Bosuni akaitoa kwa mlio, kama tairi. Mkono ukatoka kwenye komeo.

Lakini Kapteni hakugeuka. Tulimwita, king'ora kikawa kinatufunika, na hata kisingetufunika nadhani asingesikia. Alikuwa ndani ya bomba lile la Sista, na mwisho wa bomba palikuwa na mpini mmoja mwekundu. Milango, imefungwa. Watu, kumi na tano. Kilichobaki ni kuvuta. Vidole vilikuwa vinakaza.

Aliyesogea ni Chifu. Dakika kumi zilizopita alikuwa gogo kwenye ngazi. Sasa alikwenda akasimama mbele ya uso wa Kapteni, karibu kabisa, hakumgusa.

"Kapteni. Mimi Ssalongo. Mafuta nimefunga. Feni nimezima. Kuna mtu ndani anagonga. Unanipa dakika tatu au dakika tano?"

Kapteni aliutazama mkono wake mwenyewe kama kitu kilichosahauliwa na mtu mwingine. Akaulegeza, kidole kimoja kimoja.

"Nne," alisema.

Nyuma yangu kitu kikaanguka. Ilikuwa Kadeti, amepiga magoti juu ya chuma chenye maji.

"Ni mdogo wangu," alisema.

Sitayaandika maneno ya Bosuni hapa, hili ni gazeti la familia. Kadeti alimficha mdogo wake Mwanza, bandarini, bila hati yoyote, kwa sababu nyumbani karo imewashinda na alisikia kuna shangazi Kampala atakayemsomesha. Mkate ulikuwa wake. Nikaona anaanza kutetemeka kuanzia kidevuni, na nikaona kwamba tukimwacha alie sasa hivi tutampoteza yeye na ramani aliyonayo kichwani.

"Ana miaka mingapi?" nikamuuliza.

"Kumi na miwili."

"Umemweka wapi?"

"Stoo ya vipuri. Nyuma ya injini. Nilidhani..." Akameza mate. "Kuna joto kule. Nilidhani asipate baridi."

"Nyumbani mnamwitaje?"

"Babu. Alirithi jina la babu yetu."

Nikavua saa yangu, nikamfunga mkononi. "Kila nusu dakika, itaje kwa sauti. Kila mtu hapa anakutegemea wewe." Akaisogeza saa karibu na macho, na kidevu kikatulia.

Stoo ile ina njia ya pili, kisima cha chuma chembamba chenye ngazi, kinachoshuka moja kwa moja kutoka sitaha ya nyuma mpaka nyuma ya injini. Ni njia ya kutokea siku ya balaa. Mtoto asingeijua, na hata mtu mzima anayeijua, kwa moshi ule na giza lile, huenda angekaa chini ya ngazi hiyo hiyo akigonga ukuta.

Palitokea ubishi mfupi. Bosuni alikuwa kijana zaidi. Mimi nilikuwa mwembamba zaidi. Chifu alikuwa ameshabeba mtungi wa hewa mgongoni na anakaza mikanda ya barakoa. "Stoo ile nimeipanga mimi," alisema, "kila nati." Akajifunga kamba kiunoni, ncha nyingine akanipa mimi. Kisha akarudi nyuma hatua moja, akafungua tena barakoa kidogo, ili tusikie vizuri.

"Nikivuta mara moja, mambo ni sawa, nilegezee. Nikivuta mara mbili, nimempata, tuvuteni. Ikiwa kimya mpaka dakika zikaisha, fungeni kifuniko. Kapteni aifungue gesi."

"Ssalongo," Kapteni alisema.

"Ndiyo."

"Dakika nne."

"Nimesikia. Masikio yangu yanafanya kazi."

Akashuka. Kifuniko tulikiacha wazi kiasi cha kamba kupita, Bosuni amekilalia kwa kifua.

"Nusu dakika," Kadeti akasema.

Kamba ilikuwa inakwenda polepole, pinde kwa pinde, kati ya kidole gumba na cha shahada. Nilikuwa naisikiliza kwa ngozi. Mvuto mmoja. Nikalegeza.

"Dakika moja."

Ngo, ngo, ngo. Hafifu zaidi. Mpishi na wawili wengine walikuwa wanapokezana ndoo chini ya mabehewa, na kila ndoo ilirudisha mvuke. Wimbi kubwa lilitupiga ubavuni, meli ikalala, ikalala, ikasita hapo kama inafikiri, kisha ikarudi. Mnyororo mmoja ulikatika mahali fulani mbele. Hakuna aliyekwenda kuangalia.

"Dakika moja na nusu."

Mvuto mmoja. Nikalegeza.

"Dakika mbili."

Kugonga kukakoma.

Kadeti aliinua macho kutoka kwenye saa. Nikamwambia, "Endelea kusoma." Akasoma. Sauti yake ilikuwa kavu kama ya mtangazaji wa redio. Dakika mbili na nusu. Kamba ilikuwa imesimama. Nilitoa pumzi na kuhesabu sita, nikaingiza na kuhesabu nne, nikatoa tena. Nilijiambia kamba iliyosimama ina maana mtu amesimama, na mtu aliyesimama huenda anafungua mlango, anafunga kitambaa puani kwa mtoto, anamwita Babu, Babu, njoo. Dakika tatu. Nilikumbuka kikombe cha chai pale kwenye ngazi na nikashangaa kwa nini nakikumbuka.

"Dakika tatu na nusu."

Kapteni alikuwa amerudi kwenye kisanduku. Safari hii alikuwa anatutazama sisi, hautazami mpini. Ila mkono ulikuwa pale. Ilibidi uwe pale, na kila mtu alijua.

Chini ya behewa la pili la mbolea pakaanza kutoka moshi mwembamba, wa rangi ya udongo.

"Kapteni," Mpishi akaita. Hakuongeza neno.

"Dakika nne," Kadeti alisema, na saa ikamponyoka macho.

Kapteni alinitazama mimi. Mimi niliitazama kamba. Na hapo, kati ya vidole vyangu, ikavutwa.

Mara moja.

Mara mbili. Bosuni alishainua kifuniko, mikono sita ilishaishika kamba, Kadeti alishafungua mdomo kushangilia.

Mara tatu.

Mikono yote ikasimama. Hatukuwa tumekubaliana na Chifu chochote kuhusu mara tatu. Lakini namba hiyo tulikuwa tunaijua. Tulikuwa tumeisikia ukutani usiku ule ule.

Itaendelea Jumamosi ijayo